Mwari wa Kardinali Lavigerie



Wengi wetu tuliolelewa kwenye parokia za kandokando ya Ziwa Tanganyika tumekua tukiona picha ya ndege mmoja bila kuuliza ni ndege gani. Ipo kwenye vitabu vya Wamisionari wa Afrika, wale ambao wazee wetu bado wanawaita Mapadre Weupe. Ndege ana mdomo mrefu, ameinamisha shingo, na ncha ya mdomo ameielekeza kifuani mwake mwenyewe. Chini yake makinda wamepanua midomo wakisubiri. Halafu kuna neno moja tu la Kilatini: Caritas, yaani upendo. Nimesikia vijana wa VIWAWA wakimwita bata, wengine korongo, na mmoja akasema ni kanga mwenye njaa (huyo nilimsamehe). Ndege huyo ni mwari.

Picha hiyo ilitoka kwenye ngao ya mtu mmoja, Charles Martial Allemand Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers na baadaye Kardinali. Hakuliona ziwa letu hata siku moja. Hakuonja mgebuka wala dagaa wa Kigoma. Lakini ndiye aliyewatuma mapadre waliofika Ujiji mwezi Januari 1879, na walikuja chini ya ndege huyo. Leo nataka tumsome Lavigerie kupitia ngao yake, maana naona ngao hiyo inamuuliza yeye mwenyewe swali gumu. Na sisi mafrateri tunaojiandaa kwa upadre, swali hilo linatuhusu.

Tuanze na ngao. Kila askofu anapoteuliwa huwa anachagua ngao na neno au maneno machache ya kumwongoza. Juu ya ngao inawekwa kofia yenye vishada vinavyoning'inia pembeni: vya kijani sita kila upande kwa askofu, kumi kwa askofu mkuu, na vyekundu kumi na vitano kwa kardinali. Vishada vinakuambia cheo tu. Ukitaka kumjua mtu, angalia kilichochorwa ndani. Sisi Watanzania lugha hii tunaijua kuliko tunavyodhani, kwa sababu tumekua na Ngao ya Taifa, ile ya Bibi na Bwana. Pale kuna mwenge, mkuki, shoka na jembe, kuna mawimbi ya maji, kuna Mlima Kilimanjaro chini ya miguu yao. Na ukitazama vizuri, Bibi na Bwana wameshika pembe za ndovu. Mtu wa Ujiji akiziona pembe hizo inabidi anyamaze kidogo. Pembe kama hizo zilivushwa kutoka ng'ambo ya ziwa, zikabebwa mabegani kwa miguu hadi Bagamoyo, na katika misafara hiyohiyo walikuwemo watu waliofungwa shingo kwenda kuuzwa.

Sasa mwari. Wakristo wa karne za kwanza walisimulia kwamba chakula kikikosekana, au makinda wakifa, mwari mama hujichoma kifuani kwa mdomo wake na kuwapa wanawe damu yake waishi. Wakamwona Kristo hapo: msalabani na katika Ekaristi. Mtakatifu Thoma wa Akwino alimweka mwari katika wimbo wake wa Adoro te devote, na ndiyo maana utamwona ndege huyo amechongwa kwenye tabernakulo na altare nyingi za zamani. Hata Biblia yetu ya Kiswahili inamtaja mwari, kwenye Zaburi ya 102, ila pale yuko jangwani peke yake, hana makinda.

Kwa kweli mwari hafanyi hivyo. Ana mfuko chini ya mdomo, ndimo anamobebea samaki, na anapotaka kuutoa samaki kwa makinda huubana mdomo kifuani. Mtu aliyemwona kwa mbali akadhani anajitoboa. Nilipokuwa nasoma falsafa tulibishana sana bwenini kama ishara iliyojengwa juu ya jambo lisilo kweli inaweza bado kusema kweli. Mimi nilikuwa upande wa ndiyo, na nipo bado. Ila ishara ya namna hiyo ina gharama: haiwezi kuegemea tabia ya ndege. Lazima apatikane mtu wa kuifanya iwe kweli.

Lavigerie alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1825 karibu na mji wa Bayonne, kusini magharibi mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mtumishi wa forodha. Nyumbani kwao dini haikuwa na uzito sana. Waliomfundisha kusali walikuwa watumishi wa ndani. Dada anayeosha vyombo ndiye aliyemlea kardinali, jamani. Alipadrishwa mwaka 1849, akasoma sana, na mwaka 1854 akawa mwalimu wa historia ya Kanisa pale Sorbonne, Paris. Angeweza kuishia hapo, profesa mwenye vitabu vizuri na chakula cha uhakika.

Kilichomtoa darasani ni damu ya watu. Mwaka 1860 Wakristo wengi waliuawa Lebanon na Damascus. Lavigerie, aliyekuwa akiongoza shirika la kusaidia shule za Wakristo wa Mashariki, alikwenda huko mwenyewe kugawa misaada, akawakuta wajane na yatima kwa maelfu. Kule Damascus alikutana na Emiri Abd el-Kader, Mwislamu wa Algeria aliyekuwa amepigana na Wafaransa miaka mingi na kisha kuhamishwa kwao. Emiri huyo alikuwa amewaficha na kuwalinda maelfu ya Wakristo wasiuawe, akihatarisha maisha yake. Vijana wa Ujiji, nyinyi mnaoishi mlango kwa mlango na majirani Waislamu, mnaokula pilau yao siku ya Idi na wao wakaja kwenu Krismasi, naomba mlishike jambo hili. Baadaye Lavigerie alisema maneno makali kuhusu Uislamu katika hotuba zake, na mengine ni vigumu kuyatetea. Lakini moja ya mifano mikubwa ya upendo wa mwari aliyopata kuiona kwa macho yake aliioneshwa na Mwislamu.

Miaka mitatu baadaye, 1863, akawekwa wakfu kuwa Askofu wa Nancy akiwa na umri wa miaka 37. Hapo ndipo alipochagua mwari na neno Caritas. Neno moja tu. Maaskofu wengi huchukua sentensi nzima.

Nancy lilikuwa jimbo zuri, na wengi walimtabiria makubwa zaidi ndani ya Ufaransa. Badala yake akakubali kwenda Algiers, na mwaka 1867 akaingia huko. Mwaka huohuo ikaja kipindupindu, nyuma yake njaa iliyoua watu wengi sana. Watoto walizurura barabarani bila wazazi. Lavigerie akawakusanya zaidi ya 1,000, akazunguka Ulaya kuomba fedha za kuwalisha. Hapa tayari ngao inaanza kumsumbua mtu, kwa sababu njaa ilipopungua serikali ya kikoloni ilitaka watoto warudishwe kwa koo zao, na yeye akakataa, wakagombana vikali. Alisema hawezi kuwarudisha kwenye hatari. Wengine walisema anawachukua watoto wa Kiislamu awafanye Wakristo. Kwa upande wake aliagiza wasibatizwe kwa haraka, na baadaye wamisionari wake aliwawekea sheria ya ukatekumeni wa miaka minne. Hata hivyo swali linabaki: ukimlisha mtoto wa mwenzio, amekuwa wako?

Kutokana na kazi hiyo ya yatima ndipo lilipozaliwa, mwaka 1868, shirika la Wamisionari wa Afrika, na mwaka uliofuata Masista Weupe. Aliwavalisha kanzu nyeupe na joho kama la Waarabu wa Algeria, rozari shingoni. Aliwaamuru wajifunze lugha ya watu wanaoishi nao, wale chakula chao, na wasikae kamwe chini ya watatu katika nyumba moja. Kanuni hiyo ya watatu ilipimwa mapema. Mwaka 1876 mapadre watatu walitumwa kuvuka Sahara kwenda Timbuktu. Wakauawa njiani wote watatu. Mwaka 1881 wengine watatu wakajaribu, nao wakauawa.

Basi mwaka 1878 Roma ikamkabidhi Lavigerie eneo kubwa la katikati ya Afrika, lenye maziwa makuu. Hakungoja. Wamisionari kumi wakaondoka kwa meli, wakafika Zanzibar, na mwezi Juni wakaanza kutembea kutoka Bagamoyo na wapagazi wao, wakifuata njia ileile ya pembe na watumwa, ila wao wakienda upande wa pili. Watano walikuwa wa Nyanza, watano wa Tanganyika. Padre Pascal, mkuu wa kundi la Tanganyika, alifia njiani mwezi Agosti. Wenzake walizika, wakaendelea. Tabora wakagawana njia: Padre Livinhac na kundi lake wakaelekea Uganda, Padre Deniaud na wenzake wakaja kwetu.

Ujiji waliyoikuta ulikuwa mji mkubwa wa soko. Miaka michache kabla, mwaka 1871, Stanley alikuwa amemkuta Livingstone hapohapo. Wamisionari Waprotestanti kutoka London walikuwa wametangulia kwa miezi michache. Sokoni kulikuwa na samaki, chumvi, mawese, shanga, na watu. Mapadre wakaanza kufanya jambo ambalo lilikuwa sehemu ya mpango wa Lavigerie tangu mwanzo: kuwakomboa watoto kwa kulipa. Walitoa vitambaa na shanga, mtoto akawa huru, akalelewa misheni.

Hapa nimekaa muda mrefu nikifikiri. Unapomlipa mwenye mtumwa ili umwachie mtoto, umemwokoa mtoto huyo, hilo halina ubishi. Lakini mwenye mtumwa ameondoka na vitambaa, na kesho anaweza kwenda kuteka mwingine. Mtu akiniuliza ningefanyaje, najua ningelipa. Mtoto aliye mbele yako analia, nadharia ya soko hailii. Lakini ninaelewa pia kwa nini baada ya miaka kumi Lavigerie mwenyewe aliona kukomboa mmojammoja hakutoshi.

Kutoka Ujiji walifungua kituo Rumonge, pwani ya Burundi, safari ya mtumbwi kuelekea kaskazini. Tarehe 4 Mei 1881 wakauawa hapo Padre Deniaud, Padre Augier, na mlei Mbelgiji aliyeitwa D'Hoop, katika ugomvi uliohusu mtoto aliyekuwa chini ya ulinzi wa misheni. Mmoja. Mapadre wangeweza kumtoa wakapona.

Na hapo ndipo swali la ngao linapouma. Mwari hutoa damu yake mwenyewe. Lavigerie alikuwa Algiers. Pascal alikufa, Deniaud akafa, Augier akafa, watu wa Sahara wakafa, wengi wengine wakafa kwa homa wakiwa na miaka ishirini na kitu au thelathini na kitu. Umri wangu mimi. Umri wenu. Yeye mwaka 1882 akapewa kofia nyekundu ya kardinali, na mwaka 1884 akawa pia Askofu Mkuu wa Carthage. Mtu anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba Lavigerie alivaa mwari kifuani, na wengine wakatoboka.

Sitaki kulifunika jambo hili kwa sababu tu ni mwanzilishi wa imani yetu huku. Alikuwa mtu mkali, wa kuamrisha, mwepesi wa hasira. Hata waliompenda walimwogopa. Alipanga safari juu ya ramani, na ramani haioneshi malaria. Lakini nikisoma maisha yake naona pia kwamba kila alipopandishwa alichagua mahali penye kazi ngumu zaidi, kwamba fedha zilizopita mikononi mwake ni nyingi sana na zikaenda kwa watoto na wamisionari huku yeye akihangaika na madeni, na kwamba mwishoni alijitoa kwa namna iliyobaki kwake, yaani kwa sauti na mwili mgonjwa.

Mwaka 1888 alikuwa na umri wa miaka 62, maungo yakimuuma, afya imeharibika. Mwaka huo Baba Mtakatifu Leo XIII aliandika barua dhidi ya utumwa, na Lavigerie akashika njia. Tarehe 1 Julai alihubiri Paris katika kanisa la Saint-Sulpice. Mwisho wa mwezi huo alikuwa London. Katikati ya Agosti alikuwa Brussels. Alichosimulia kilitoka kwenye barua za mapadre wa ziwa hili: vijiji vilivyochomwa, misafara iliyoacha mifupa njiani, watoto waliouzwa kwa bei ya kitambaa. Watu wa Ulaya ambao hawakuwahi kulisikia jina la Ujiji wakalisikia. Kampeni ile ilichangia kuitishwa kwa mkutano wa mataifa Brussels, ambao mwaka 1890 ulitoa mapatano ya kupiga vita biashara ya watumwa.

Ila kilio hichohicho kilitumiwa na waliotaka mambo mengine. Huko Ujerumani hasira dhidi ya utumwa iliwasaidia waliokuwa wakitafuta fedha za kutuma askari kwenye pwani yetu. Mwaka 1889 Wissmann akaja na jeshi, na Desemba ya mwaka huo Abushiri akanyongwa Pangani. Bendera iliyoinuliwa kwa ajili ya watumwa ikaishia kupepea juu ya boma la mkoloni. Na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922, Waingereza wakiwa wameshaingia. Wajerumani walitawala miaka yote ile wakiuacha uwepo. Ukimsifia Lavigerie mbele ya rafiki yako anayesoma historia chuo kikuu, atakuuliza hili, na ni vizuri uwe umeshajiuliza mwenyewe kabla yake.

Lavigerie alifariki Algiers tarehe 26 Novemba 1892. Alizikwa katika kanisa kuu alilolijenga Carthage, na mwaka 1964 mabaki yake yakahamishiwa Roma.

Nimemwacha mtu mmoja kwa makusudi. Karibu mwaka 1866, karibu na Timbuktu, alizaliwa mvulana aliyeitwa Atiman. Alitekwa akiwa mdogo, akavushwa Sahara kama mtumwa, na Mapadre Weupe wakamkomboa kwa kulipa. Alibatizwa Algeria kwa jina la Adrien. Lavigerie alikuwa na wazo ambalo wengi enzi zile hawakuwa nalo: kwamba Afrika itainjilishwa na Waafrika wenyewe, na kwamba vijana waliokombolewa wafundishwe udaktari warudi barani wakiwa watu wenye ujuzi na familia zao, bila kugeuzwa Wazungu. Akawapeleka Malta kusoma. Atiman alikuwa mmoja wao.

Mwaka 1888, mwaka uleule Kardinali alipokuwa akizunguka Ulaya, Atiman alisafiri kuja huku, na mwaka 1889 akafika Karema, kusini mwa ziwa, ambako wamisionari walikuwa wamepokea ngome ya Wabelgiji mwaka 1885. Alikuwa daktari na katekista kwa pamoja. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa kitemi wa Wabende. Alitibu kwa dawa za Ulaya na akajifunza dawa za miti za wenyeji. Mwanawe Joseph alipadrishwa mwaka 1923. Atiman alikaa Karema miaka 67, bila kurudi alikozaliwa, mpaka alipofariki mwaka 1956 akiwa mzee wa karibu miaka 90.

Hakuchora ngao yoyote. Lakini nikiulizwa ni nani aliyeifanya ile picha ya Nancy iwe kweli, namtaja yeye kabla ya Kardinali, na sidhani Kardinali angekasirika. Yule kinda aliyelipiwa kwa vitambaa ndiye aliyekaa miaka 67 akiwalisha wengine.

Kwa wale wa VIWAWA Kigoma mlioniuliza kuhusu hija ya mwakani: Karema iko mkoa wa Katavi, wilaya ya Tanganyika, na siku hizi ina bandari mpya. Ongeeni na paroko wenu mapema, na mkifika, kabla ya kupiga picha na ziwa, tafuteni kwanza mahali mzee Atiman alikokuwa akitibia wagonjwa.